Retinoli na Ngozi Inayozeeka: Subira Ndiyo Nusu ya Tiba

Mwanamke mwenye umri wa miaka 47 anaingia katika kliniki ya magonjwa ya ngozi akiwa amejitanda mtandio hadi chini ya macho, ingawa asubuhi yenyewe ni ya joto. Anapoufungua, ngozi ya mashavu yake inaonekana imebabuka, inaambua kandokando ya mdomo na pua, na katika paji la uso yamejitokeza mabaka meusi ambayo, kwa maelezo yake, hayakuwapo miezi minne iliyopita. Mkobani ana vitu vitatu. Cha kwanza ni seramu yenye retinoli kiasi cha asilimia 1, iliyoagizwa kupitia simu. Cha pili ni krimu yenye chembechembe za kusugulia uso. Cha tatu ni kitubu kidogo cha krimu ya steroidi aliyouziwa dukani pale uso ulipoanza kuwaka moto. Alichokitaka mama huyu ni kidogo sana: kupunguza mikunjo ya pembeni mwa macho kabla ya harusi ya binti yake.

Kisa hiki hakimhusu mgonjwa mmoja. Kimetungwa kwa kuunganisha mambo yanayojulikana sana katika tiba ya ngozi. Kinafaa kuwa mlango wa kuingilia katika mada yenyewe kwa sababu mama huyu hakukosea katika kuchagua kiambato. Retinoli ni miongoni mwa vitu vichache vya vipodozi ambavyo sayansi imethibitisha kwamba vinapunguza dalili za kuzeeka kwa ngozi. Kosa lilikuwa katika kiwango, kasi, mchanganyiko, na kukosekana kwa mtu wa kumwambia asubiri.

Vitamini ya macho iliyohamia usoni

Mwaka 1913, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis walibaini kwamba ndani ya siagi na kiini cha yai mna kitu kiyeyukacho katika mafuta, ambacho panya wachanga hawawezi kukua bila kukipata. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A. Mwaka 1931 mwanakemia Paul Karrer wa Uswisi aliuweka wazi muundo wa molekuli yake, na mwaka 1937 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Katika zahanati za Afrika Mashariki vitamini hii inafahamika zaidi kwa sababu ya macho na kinga ya watoto: upungufu wake huleta upofu wa usiku, na ndiyo maana watoto hupewa matone yake katika kampeni za afya. Lakini upungufu huohuo hukausha ngozi pia na kuota vipele vigumu kwenye vinyweleo. Ngozi nayo, kama jicho, huihitaji vitamini A.

Retinoli ni umbo mojawapo la vitamini hiyo. Jamii nzima ya viambato vinavyofanana nayo huitwa retinoidi. Miongoni mwao yumo ndugu mwenye nguvu zaidi, tretinoini, ambayo kwa kemia ni asidi ya retinoiki. Tretinoini ya kupaka iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, kufuatia kazi ya Albert Kligman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wagonjwa wa chunusi wenye umri mkubwa walipoitumia, ilionekana kwamba ngozi yao ililainika na mikunjo midogo ikapungua. Mwaka 1986 Kligman na wenzake walichapisha matokeo ya matumizi yake kwa ngozi iliyozeeshwa na jua, na mwaka 1995 mamlaka ya Marekani ikaidhinisha tretinoini ya asilimia 0.05 kwa ajili ya mikunjo midogo, madoa na mkwaruzo wa ngozi ya uso.

Historia hii ina doa lake, na haifai kufichwa. Kligman alifanya majaribio mengi ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao wakiwa watu weusi, katika mazingira ambayo leo hayawezi kuitwa ya hiari. Mwaka 2021 chuo chake kiliomba radhi hadharani. Mhudumu wa afya anayeifahamu habari hii ana sababu ya ziada ya kumpa mgonjwa wake maelezo kamili kabla ya kumwandikia dawa, na kumwachia nafasi ya kukataa.

Namna retinoli inavyofanya kazi

Retinoli haifanyi kazi ikiwa katika umbo lake la awali. Inapoingia ndani ya seli za ngozi hugeuzwa kwanza kuwa retinaldehidi, kisha asidi ya retinoiki. Ni asidi hiyo ndiyo inayoshikamana na vipokezi vilivyo ndani ya kiini cha seli na kuamuru jeni fulani ziamke na nyingine zitulie. Kwa kuwa safari hiyo ina hatua mbili, na kwa kuwa si retinoli yote hufika mwisho, nguvu yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ya tretinoini. Aina nyingine zinazotajwa kwenye vipodozi, kama retinili palmiteti, zina hatua moja zaidi ya kupita, na hivyo ni dhaifu kuliko retinoli yenyewe. Anayesoma maandishi ya chupa hana budi kutambua tofauti hiyo, kwa sababu bei ya chupa si kipimo cha nguvu ya kilichomo.

Matokeo ya amri hizo za kijeni ni ya aina tatu. Seli za tabaka la nje huzaliwa na kupanda juu kwa kasi zaidi, hivyo ngozi hulainika na vinyweleo haviziba kirahisi. Rangi iliyorundikana mahali pamoja hutawanyika na kuondoka pamoja na seli zinazopukutika. Na katika tabaka la ndani, uzalishaji wa nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo nguzo za ngozi, huongezeka, huku vimeng'enya vinavyozikata nyuzi hizo vikipunguzwa kasi. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyochochewa na mionzi ya urujuanimno ya jua, hata kabla ngozi haijaungua.

Mojawapo ya tafiti zilizolithibitisha jambo hili ilichapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan. Walichukua wazee 36, wastani wa umri wao ukiwa miaka 87, wakapaka losheni yenye retinoli ya asilimia 0.4 kwenye upande wa ndani wa mkono mmoja, na losheni tupu kwenye mkono mwingine, hadi mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 24. Mkono uliopakwa retinoli ulipungukiwa na mikunjo midogo, na vipimo vya vipande vya ngozi vilionyesha ongezeko la viambajengo vya kolajeni. Funzo kubwa liko katika ratiba yenyewe: haikuwa kila siku, haikuwa kiwango cha juu sana, na ilihitaji karibu nusu mwaka.

Ni vyema pia kusema kile ambacho retinoli haifanyi. Haiinui ngozi iliyolegea shingoni, haifuti mifereji mirefu inayotoka puani hadi mdomoni, na haibadilishi rangi ya asili ya mtu. Anayeiacha kabisa hatadhurika, ila baada ya muda faida aliyoipata itapungua taratibu.

Ngozi nyeusi huzeeka kwa namna yake

Maelezo mengi yanayopatikana kuhusu retinoli yameandikwa kwa kumkusudia mtu mwenye ngozi nyeupe, ambaye malalamiko yake ya kwanza ni mikunjo. Ngozi yenye melanini nyingi huzeeka kwa utaratibu tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la nje la ngozi ya watu weusi lina kinga ya asili dhidi ya jua inayolingana na SPF 13.4, ilhali la weupe ni 3.4. Ndiyo maana mikunjo huchelewa. Kinachotangulia ni rangi kutokuwa sawa: madoa yanayoachwa na chunusi, mabaka ya mashavuni yanayoitwa melasma, weusi chini ya macho, na vile vipele vidogo vyeusi visivyouma vinavyoota mashavuni na shingoni kwa watu wa makamo.

Kinga hiyo ya asili ina upande wa pili. Seli zinazotengeneza melanini katika ngozi nyeusi huitikia upesi kila zinapochokozwa. Kidonda, kuungua, kusugua kupita kiasi, au mwasho wa dawa huweza kuacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Hapo ndipo penye kitendawili cha retinoli: inaweza kuondoa madoa, na inaweza kuyaleta. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa weusi 54 waliokuwa na madoa yatokanayo na uvimbe wa ngozi. Wale waliopaka tretinoini ya asilimia 0.1 kwa wiki 40 walipata nafuu kubwa kuliko waliopaka krimu tupu. Hata hivyo, nusu ya waliopaka tretinoini walipata mwasho na kubabuka, hali iliyopungua kadiri utafiti ulivyoendelea. Watu hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Mama anayejipaka mwenyewe chumbani hana uangalizi huo, na ndiyo sababu kwa ngozi nyeusi kanuni ya kuanza kidogo na kwenda polepole ni sharti la usalama.

Nani asiitumie

Kabla ya swali la namna ya kupaka lipo swali la nani apake. La kwanza kabisa ni ujauzito. Isotretinoini, ambayo ni retinoidi ya kumeza kwa ajili ya chunusi sugu, ilianza kutumika Marekani mwaka 1982, na katika miaka michache tu ikathibitika kwamba husababisha mimba kuharibika pamoja na kasoro kubwa za moyo, ubongo, uso na masikio ya mtoto. Mwanamke anayeimeza lazima atumie njia ya uhakika ya uzazi wa mpango katika muda wote wa tiba na kwa mwezi mmoja baada ya kuacha. Retinoli ya kupaka hupenya kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na mama aliyeipaka kabla ya kujua kwamba ni mjamzito hana sababu ya kuingiwa na hofu wala kufikiria kuitoa mimba. Aiache, na amweleze mhudumu wa kliniki ya wajawazito. Lakini kwa kuwa faida yake ni ya urembo, na hatari yake hata kama ni ndogo inamhusu asiyeweza kujisemea, ushauri wa kitabibu ni kwamba retinoidi zote zisitumiwe na mwanamke mjamzito au anayetafuta mtoto. Ushauri huu usiishie kwa vijana: mwanamke wa miaka 44 ambaye hedhi yake imeanza kuyumba anaweza kudhani amefikia ukomo wa hedhi, kumbe ana mimba. Katika kipindi hicho asidi ya azelaiki ni mbadala unaokubalika kwa chunusi na madoa.

Katika kunyonyesha ushahidi ni mchache. Wengi hupendelea kusubiri, na anayeamua kutumia asipake kifuani wala mahali ambapo ngozi ya mtoto itagusa.

Kundi la pili ni wenye ngozi iliyokwisha kujeruhiwa: wenye pumu ya ngozi iliyoamka, waliobabuka kwa jua au kemikali, na wenye vidonda. Kundi la tatu ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya melanini na huweza kuwa na mabadiliko ya awali ya saratani. Wao wasianze bila kuonwa na daktari wa ngozi. Na kwa mtu yeyote, doa linalokua, linalotoa damu au kubadilika rangi halipakwi kitu chochote kabla ya kuchunguzwa.

Tahadhari nyingine inahusu vidonge vyenye vitamini A. Matone ya watoto wa mwaka mmoja hadi mitano yana IU 200,000, dozi inayotolewa mara moja kila baada ya miezi minne hadi sita. Kwa mama mjamzito kiwango cha usalama hakizidi IU 10,000 kwa siku. Matone hayo si tiba ya mikunjo, na mtu mzima asiyameze wala kuyapasua ajipake usoni kwa matumaini ya kuurudisha ujana.

Kuanza, kuzoea, kudumu

Kwa anayeanza, retinoli ya asilimia 0.1 hadi 0.3 inatosha. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2024, umeweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso na asilimia 0.05 kwa losheni za mwili. Chupa inayotangaza asilimia 1, au isiyotaja kiwango chochote, si mahali pa kuanzia.

Kabla ya kupaka uso mzima, kiasi kidogo kijaribiwe nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono kwa siku chache. Pasipotokea vipele wala uvimbe, kazi inaweza kuanza. Hupakwa usiku, kwa sababu mwanga huiharibu retinoli. Uso huoshwa kwa sabuni laini isiyo na chembe za kusugulia, hukaushwa kwa kugusishwa taulo bila kusuguliwa, kisha husubiriwa dakika 20 hadi 30 hadi ukauke kabisa, maana ngozi yenye majimaji hufyonza zaidi na kuwashwa zaidi. Kiasi cha kupaka uso mzima ni ukubwa wa punje moja ya njegere. Hugawanywa kwa nukta kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha husambazwa kwa kuepuka kope, pembe za macho, matundu ya pua na pembe za mdomo. Juu yake hufuata krimu ya kulainisha ngozi. Mwenye ngozi kavu au nyepesi kuwashwa anaweza kupaka krimu hiyo kabla na tena baada ya retinoli.

Wiki mbili hadi nne za mwanzo, usiku mbili kwa wiki zinatosha. Ngozi ikitulia, ziongezwe hadi tatu, kisha usiku mmoja kwa mwingine. Wapo watakaofika kila usiku, wapo watakaobaki kwenye tatu kwa wiki maisha yao yote, na wote wawili watanufaika. Ukavu kidogo, kuambua kwepesi na hisia ya kuvutwa kwa ngozi katika wiki za mwanzo ni dalili za kuzoea. Kuwaka moto, wekundu au weusi unaoongezeka, uvimbe, malengelenge au kutoka majimaji si dalili za kuzoea. Ni amri ya kuacha. Wapo wanaofundishana kwamba dawa isiyochoma haifanyi kazi. Kwa ngozi nyeusi fundisho hilo ndilo linalozaa mabaka.

Katika usiku wa retinoli, vitu vingine vikali vikae kando: asidi za kuambua ngozi, benzoili peroksidi, na visugulio. Kunyoa au kung'oa nywele za uso kwa nta kusitishwe kwa siku kadhaa kabla na baada, kwani nta inaweza kuondoka na ngozi. Chupa iwe ya rangi isiyopitisha mwanga, ifungwe vizuri, na isiwekwe dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Seramu iliyogeuka rangi kuwa ya kahawia huenda imekwisha nguvu.

Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 12 kwa ulaini na rangi. Mikunjo huhitaji miezi sita au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni kolajeni, ambayo mwili huijenga polepole.

Jua la ikweta

Anayepaka retinoli usiku na kutembea juani bila kinga mchana ni sawa na anayejaza maji kwenye pakacha. Mionzi ya urujuanimno ndiyo sababu kuu ya nje inayozeesha ngozi, na katika nchi zilizo karibu na ikweta huwa mikali karibu mwaka mzima. Aidha retinoli hupunguza unene wa seli kavu za juu, hivyo ngozi hupungukiwa na sehemu ya ngao yake. Kila asubuhi, hata siku ya mawingu, upakwe mafuta ya kujikinga na jua yenye SPF 30 au zaidi yanayozuia mionzi ya UVA na UVB. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyonyooka juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati. Anayeshinda nje arudie kila baada ya saa mbili.

Kwa wenye melasma kuna jambo la ziada. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huchochea rangi katika ngozi nyeusi, na mafuta ya kawaida ya jua hayauzuii vya kutosha. Yale yenye rangi, yaliyotiwa oksidi ya chuma, huuzuia vizuri zaidi na pia hayaachi weupe usoni. Kwa asiyeweza kununua mafuta hayo kila mwezi, kofia pana, mtandio, mwavuli na kivuli cha mwembe ni kinga halisi. Ikibidi kuchagua kati ya kununua retinoli na kununua mafuta ya kujikinga na jua, fedha iende kwenye mafuta ya jua. Nchini Tanzania, huko Moshi, yanatengenezwa mafuta ya KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao kinga hii ni suala la uhai.

Mkorogo na vitubu visivyo na jina

Retinoli inaingia katika soko ambalo tayari lina jambo zito. Kwa miongo mingi mabinti na akina mama wamejichubua kwa mkorogo wenye haidrokwinoni kupita kiasi, zebaki, na steroidi kali kama klobetasoli. Madhara yake yalionekana mapema katika ukanda huu. Mwaka 1972 madaktari waliokuwa Nairobi waliripoti katika British Medical Journal uhusiano kati ya ugonjwa wa figo unaovujisha protini na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka msingi wa kimataifa wa kuziondoa krimu hizo sokoni. Hata hivyo, bado zinauzwa, na baadhi sasa huvaa majina ya kuzuia uzee.

Steroidi ndiyo yenye hila kuliko zote. Humtuliza mtu ndani ya siku mbili, kwa hiyo humwaminisha. Ikipakwa usoni kwa wiki na miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, chunusi na nywele huota, na kila anapojaribu kuacha uso huwaka upya. Mtu aliye katika hali hiyo akiongeza retinoli anatia moto juu ya kidonda. Anahitaji kwanza kutolewa kwenye steroidi chini ya usimamizi, kisha ngozi ipumzike kwa wiki nyingi.

Kuna mahali ambapo viambato hivi hukutana kihalali. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake walieleza mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi kwa ajili ya madoa, na michanganyiko ya namna hiyo ingali inatumika kwa melasma. Lakini ni dawa ya daktari, yenye kipimo na tarehe ya kukoma. Kuitumia kama mafuta ya kila siku ni kuirudisha kwenye ndoo ya mkorogo.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: mnunuzi asihukumu kwa sura ya kasha. Atazame jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, kiwango, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na alama ya ubora. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Krimu iliyopakuliwa kwenye kopo lisilo na maandishi isipakwe usoni, hata kama muuzaji ni jirani anayeaminika.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa hafiki zahanati akisema anatumia retinoli. Husema uso unawasha, au umepata mabaka. Maswali machache huokoa muda: anapaka nini asubuhi na usiku, kila kimoja kwa jina, alikipata wapi, kwa muda gani, nini kilikuja kwanza, doa au dawa, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na anajikinga vipi na jua. Aombwe aje na vitubu vyote. Swali la kujichubua liulizwe faraghani na bila lawama, kwa kuwa anayesimangwa huficha, na aliyeficha hutibiwa vibaya. Anayekiri kutumia krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki apimwe protini katika mkojo na shinikizo la damu.

Uso uliobabuka kwa retinoli mara nyingi hauhitaji dawa kali. Vipodozi vyote visimamishwe, uso uoshwe kwa maji na sabuni laini, upakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, na ukingwe na jua. Malengelenge, uvimbe wa macho, maambukizi, au dalili za utegemezi wa steroidi ni sababu ya kumpa rufaa kwa daktari wa ngozi.

Mama wa miaka 47 huanzia hapo. Vitubu vitatu vinabaki juu ya meza ya daktari. Anapewa mpango wa kutoka kwenye steroidi, mafuta ya kulainisha, na maelekezo ya mafuta ya jua. Ngozi ikitulia, pengine baada ya miezi mitatu, ataweza kuanza tena kwa retinoli ya asilimia 0.1, usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere. Anaelezwa ukweli pia: mabaka ya paji yatachukua miezi mingi kufifia, na harusi itapita kabla hayajaisha. Anauliza kama anaweza kujipodoa siku hiyo. Jibu ni ndiyo, kwa poda ya rangi yake iliyo laini, juu ya mafuta ya kujikinga na jua, na kuisafisha taratibu kabla ya kulala.